Anayejitolea Anakula Wapi?



Msimu wa fildi umefika. Wenzetu wanaosoma uandishi wa habari na utangazaji wanazunguka na barua za vyuo mkononi, wakigonga milango ya redio, magazeti na televisheni za mtandaoni, wakiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Wengine wameshamaliza chuo na sasa wanaomba "kujitolea" huku wakisubiri ajira. Leo naomba tutafakari pamoja swali ambalo hatupendi kuliuliza kwa sauti, maana linaonekana ni la tumbo kuliko la roho: anayejitolea anakula wapi?

Nitaanza na kisa changu mwenyewe. Nakisimulia kama maungamo, si kama mashtaka.

Mimi ni mtoto wa Tukuyu. Kama hujawahi kufika, jua tu kwamba ni mji wa mvua, chai na ndizi, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kwenye barabara inayotoka Mbeya kuelekea Kyela na mpaka wa Malawi. Mama yangu anauza ndizi. Nilipokuwa nasoma diploma nilipata fildi katika kituo kimoja cha redio, mbali na nyumbani. Jina lake silitaji, kwa sababu ninalolisema si la kituo kimoja. Fildi ilikuwa ya wiki nane. Nilipomaliza chuo nikarudi palepale, nikaambiwa, "Endelea kujitolea kwanza, nafasi ikitokea tutakufikiria." Nikaendelea kujitolea miezi kumi na minne.

Sitaki kuwa mwongo: nilijifunza. Niliingia pale sijui hata kinasa sauti kinashikwaje, nikatoka najua kuhariri sauti, kuandika habari ya dakika moja, na kuisoma bila kubabaika saa kumi na mbili asubuhi pale mtangazaji wa zamu anapochelewa. Mhariri wetu alikuwa mkali lakini alikuwa anafundisha kweli. Aliichana habari yangu mbele ya watu, halafu akakaa na mimi hadi nikaiandika upya. Hayo hakuna darasa lililonipa, na namshukuru hadi leo.

Ila nilikuwa nakula kwa mama. Kila Jumamosi mama alipeleka kiroba stendi, akamkabidhi konda wa Coaster: ndizi, maharage, maparachichi kidogo. Mimi nakwenda kukipokea upande wa pili. Yaani kituo kile kilikuwa na mfadhili ambaye hakikumjua wala hakikuwahi kumshukuru: mwanamke anayeuza mikungu ya ndizi Tukuyu.

Kuna wiki kiroba hakikuja. Mama alikuwa anaumwa. Wiki hiyohiyo nikatumwa kwenye mkutano wa wakulima na mnunuzi wa mazao yao. Wakulima walilalamikia mizani. Mzee mmoja alisimama akaeleza jinsi mzigo alioupima mwenyewe nyumbani ulivyopungua ulipopandishwa kwenye mizani ya mnunuzi. Nilirekodi kila kitu. Mkutano ulipoisha, mtu mmoja akanivuta pembeni, akaniwekea bahasha mkononi. "Nauli yako, mdogo wangu." Ndani mlikuwa na shilingi 20,000.

Sikuambiwa niandike nini wala niache nini. Hakukuwa na haja ya kuniambia. Jioni habari ikasomwa: mnunuzi awahakikishia wakulima soko la uhakika. Mizani haikutajwa.

Usiku mama akapiga simu, sauti yake bado ya mgonjwa. "Nimekusikia redioni, mwanangu. Umesoma vizuri. Ila shemeji yake jirani yetu alikuwepo huko mkutanoni, anasema walisema sana habari ya mizani. Mbona wewe hukuisema?" Nikanyamaza. Naye, kama mama yeyote, akahamia kwenye swali lake la kila siku: "Umekula lakini?"

"Nimekula, mama."

Na kweli nilikuwa nimekula. Chipsi na nyama. Sikulala usiku ule, kwa sababu nilijua ni nani aliyenilisha.

Tuone

Wenzetu wa VIWAWA wanaijua njia ya hatua tatu: ona, amua, tenda. Njia hii tumeipata kwa Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, mtoto wa familia ya wafanyakazi, aliyewaona wenzake aliosoma nao wakiingia viwandani wangali wadogo na kupoteza imani hukohuko. Mwaka 1925 harakati yake ya vijana wafanyakazi Wakristo ikapata sura rasmi. Cardijn hakuanza na mahubiri. Alianza kwa kuwauliza vijana: kazini kwenu hali ikoje? Basi na sisi tuanze hapo.

Kazi ya habari haijifunzwi kwa vitabu peke yake. Unaweza kufaulu mtihani wa maadili ya uandishi bila kuwahi kumkabili mtu aliyekasirika na kinasa sauti chako. Ndiyo maana vyuo vinampeleka mwanafunzi fildi, akiwa na kitabu cha kumbukumbu kinachosainiwa na msimamizi. Na tangu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, uandishi wa habari nchini ni taaluma inayotaka elimu na ithibati, na sasa tuna Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Kwa hiyo mlango umekuwa mwembamba kidogo: usome, ujifunze kazini, ndipo utambulike. Si jambo baya. Hata daktari hatumpi kisu kabla hajasimama kando ya daktari mwingine.

Shida inaanza pale kujifunza kunapokwisha na kufanya kazi kunapobaki. Wiki ya tatu nilikuwa mwanafunzi. Mwezi wa sita nilikuwa nafanya zamu nzima kama mwajiriwa, tofauti yetu ikiwa siku ya mshahara tu. Jina langu lilibaki lilelile: "kijana wetu wa kujitolea."

Na tazama ni nani anayeweza kudumu katika hali hiyo. Ni yule mwenye mjomba mjini, mwenye chumba cha bure na sahani ya uhakika jioni. Mtoto wa mchuma chai wa Katumba, hata awe na kipaji namna gani, atarudi nyumbani baada ya miezi miwili. Halafu tunashangaa kwa nini vyumba vya habari havijui bei ya mbolea, na kwa nini sauti ya kijijini husikika redioni siku ya maafa tu. Waliojua habari hizo walishindwa kulipa gharama ya kufanya kazi bure.

Tuamue

Je, ni dhambi kumfanyisha kijana kazi bila mshahara? Nadhani jibu la haraka, la ndiyo au hapana, litatupotosha.

Wazee wetu Wanyakyusa walikuwa na utaratibu ambao mwanaanthropolojia Monica Wilson aliuandika katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951. Wavulana wakifika umri wa miaka kama kumi walitoka katika nyumba za wazazi wao, wakajenga kijiji chao wenyewe na marika wenzao. Lakini waliendelea kulima mashamba ya baba zao. Na waliendelea kula kwa mama zao, tena kwa kundi: leo wote wanakwenda kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Hakuna aliyelipwa mshahara. Ila jembe na sahani vilikwenda pamoja. Aliyelimiwa ndiye aliyelisha.

Naona hapo ndipo ulipo mpaka. Kijana kufanya kazi ya kujifunza bila mshahara si lazima iwe dhuluma. Hata Bwana wetu alijifunza useremala Nazareti, wala hatusomi popote kwamba Yosefu alimlipa kibarua. Lakini alikula mezani kwa Yosefu. Uanagenzi wa kweli ni aina ya nyumba: unafundishwa, unakosolewa, unalishwa, na siku moja unaondoka ukiwa fundi. Ukiondoa mafunzo, au ukiondoa sahani, au ukiondoa ile siku ya kuondoka, kilichobaki tutafute jina lake jingine. Tusikiite kujitolea.

Mtu atasema: "Si ulikubali mwenyewe? Nani alikushika mkono?" Ni hoja ya zamani sana. Mwaka 1891, mwaka uleule ambao wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe, Papa Leo XIII alitoa waraka wake *Rerum Novarum* kuhusu hali ya wafanyakazi. Aliijibu hoja hii moja kwa moja: mtu anayekubali masharti magumu kwa sababu ya shida, akiogopa kwamba asipokubali atapata mabaya zaidi, huyo hajawa huru, ametendewa kwa nguvu. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2434, inafundisha kwamba makubaliano ya pande mbili peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki. Kukubali kwangu kulikuwa kwa kweli, lakini kulikuwa kukubali kwa mtu mwenye mlango mmoja tu.

Mwingine atasema: "Redio zenyewe ni maskini." Hili ni kweli, na tusilipuuze. Redio ndogo za wilayani, na tunazo, hata Tukuyu tuna Chai FM, zinaishi kwa matangazo machache, huku umeme, mitambo na leseni vikidai kila mwezi. Mwenye kituo anaweza kuwa mtu mwema aliyebanwa. Lakini hata nyumba maskini hula pamoja. Asiye na mshahara wa kutoa anaweza kutoa nauli. Asiye na nauli kila siku anaweza kutoa chakula cha mchana. Asiye na hicho anaweza kumwita kijana siku tatu badala ya sita ili siku nyingine atafute riziki, na kumwambia ukweli kwamba ajira haipo badala ya kumfuga kwa ahadi. Umaskini unaweza kupunguza sahani. Haumpi mtu ruhusa ya kutouliza kama mwenzake amekula.

Wa tatu atasema: "Mbona Radio Maria inaendeshwa na watu wa kujitolea, na ni kazi ya Mungu?" Ni vizuri sana, na ndiyo inayoonyesha tofauti. Mwalimu mstaafu anayetoa saa mbili kusoma tafakari redioni anatoa alicho nacho, anajua anatoa nini, na kesho akisema siwezi hakuna anayempokonya ndoto yake. Hiyo ni zawadi. Zawadi inaweza kukataliwa. Kijana anayefanya zamu nzima akiogopa kwamba akikosa siku moja jina lake litafutwa kwenye orodha ya wanaofikiriwa, huyo hatoi zawadi. Analipa deni ambalo hajawahi kukopa.

Sasa nirudi kwenye bahasha yangu, maana sitaki kujificha nyuma ya mwajiri. Dhambi ilikuwa yangu. Nilimsikia mzee yule kwa masikio yangu, nikamfuta. Katekisimu inakiri, namba 1735, kwamba hofu na mambo mengine yanaweza kupunguza uzito wa lawama, na padre aliyeniungamisha alinieleza hivyo kwa upole. Kupunguza siyo kufuta. Njaa ilikuwa ya siku tatu. Mizani ile iliendelea kupima msimu mzima.

Lakini nilijifunza jambo ambalo wenye vyombo vya habari wanapaswa kulisikia: mwandishi asiyelishwa na redio yake atalishwa na mtu mwingine, na anayelisha ndiye anayekuwa mhariri. Unapokataa kumpa kijana nauli hujaokoa pesa. Umeikabidhi meza yako ya habari kwa yeyote mwenye bahasha.

Katika Biblia kuna kijana wa fildi. Anaitwa Samweli. Alipelekwa mdogo kwa mzee Eli, huko Shilo, ajifunze kazi ya Mungu. Kila mwaka mama yake Hana alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea (1 Sam 2:19). Mimi nikisoma mstari huo naona kiroba cha Jumamosi. Nyumba aliyojifunzia haikuwa safi: wana wa Eli walikuwa wakijichukulia nyama za sadaka kwa nguvu. Na ujumbe wa kwanza Mungu aliompa Samweli autangaze ulikuwa habari mbaya kuhusu bosi wake mwenyewe. Fikiria: habari yako ya kwanza kabisa, na inamhusu mwenye nyumba unayolala! Samweli aliogopa, Maandiko hayafichi. Lakini asubuhi alimwambia Eli yote, asimfiche hata neno moja (1 Sam 3:15-18). Na Eli, pamoja na udhaifu wake wote, ndiye aliyemfundisha kuitambua sauti ya Mungu, na ndiye aliyemtaka aseme kila kitu. Hata nyumba yenye kasoro inaweza kuwa na mwalimu ndani yake.

Miaka mingi baadaye, Samweli mzee alisimama mbele ya taifa zima akauliza: nimechukua ng'ombe wa nani, nimemdhulumu nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani hata nikafumba macho? (1 Sam 12:3). Watu wakajibu, hakuna. Samaki mkunje angali mbichi: uhuru ule wa uzeeni ulianzia kwenye asubuhi ile ya ujana.

Tutende

Kwako unayekwenda fildi mwezi ujao: kabla ya kufurahia barua ya kukubaliwa, uliza mambo matatu kwa adabu. Nani atanifundisha? Nitapata nini, hata kama ni nauli na chakula tu? Mwisho wake ni lini? Hayo si maswali ya tamaa. Mtendakazi anastahili posho yake, na aliyesema hivyo ni Yesu mwenyewe akiwatuma wanafunzi wake (Mt 10:10). Ukijibiwa vibaya, bado unaweza kuamua kwenda, lakini utakwenda ukiwa umefumbua macho.

Ukishaingia, jifunze kweli. Wapo wanaokaa wiki nane wakipiga picha na maikrofoni za studio, halafu wanadai wamenyonywa. Mwanagenzi mvivu naye anamwibia mwalimu wake muda. Na bahasha ikija, ikatae mapema, siku ya kwanza, wakati jina lako halijazoeleka kwenye orodha ya wanaopokea. Ukiona njaa inakuzidi, mwambie mhariri wako wazi: "Leo sijala, naomba usinitume kwenye mkutano huo." Ni aibu kidogo. Mimi nakuhakikishia ni ndogo kuliko ile ya kuulizwa na mama yako kuhusu mizani.

Kwetu sisi parokiani: tusiwanyoshee wengine vidole kwanza. Ni nani anayerusha Misa mtandaoni kila Dominika? Ni nani anayepiga picha za upadrisho, anayefunga spika tangu alfajiri, anayetengeneza mabango ya jubilei? Ni kijana wa jumuiya, kwa simu yake, kwa bando lake, kwa nauli yake. Tukimaliza tunamwambia, "Mungu atakulipa." Mungu atamlipa, hilo halina shaka. Ila Mtume Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiliwa wa watenda kazi unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana (Yak 5:4). Kama kijana anatoa kwa moyo, tupokee kwa shukrani, lakini bando na sahani ya chakula viwe juu yetu. Kamati ya parokia haitafilisika.

Na mizani ile? Wiki iliyofuata nilirudi kwa mzee yule, nikamwomba msamaha, nikamrekodi upya. Zile 20,000 nilikuwa nimeshazila, kwa hiyo nilizirudisha baadaye, kidogo kidogo. Habari yake mhariri aliirusha, fupi, mwisho wa taarifa. Sijui kama mizani ilibadilika. Najua kwamba mama aliisikia.

Siku hizi nafanya kazi mahali pengine. Mwaka jana niliambiwa nimsimamie binti mmoja aliyekuja fildi, katoka mbali, kashika bahasha ya barua ya chuo kama mtu aliyeshika yai. Kabla ya kumwonyesha mitambo nikamuuliza, "Umekula?" Akacheka, akajibu "ndiyo" haraka, akidhani ni salamu. Nikamuuliza tena.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyejifunza kazi kwa mikono ya Yosefu na kula mezani pake, uwaangalie vijana wanaotafuta njia katika kazi ya habari. Uwape walimu wenye subira, chakula cha leo, na ujasiri wa Samweli wa kusema yote bila kuficha. Na sisi tuliotangulia, utufundishe kuuliza mapema kama wenzetu wamekula. Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi wa habari, utuombee. Amina.